Kila Kisima Kina Mwenyewe

Hesabu 33 ni sura ambayo wengi wetu huipita mbio tukitafuta sura yenye hadithi. Ni orodha ya vituo na basi. Waisraeli waliondoka Ramesesi, wakapiga kambi Sukothi. Kutoka hapo Ethamu, Mara, Elimu, Dofka, Alushi, Refidimu, na kuendelea mpaka nchi tambarare za Moabu. Walimu wa kale walihesabu vituo 42. Mara tunaikumbuka kwa maji machungu, Elimu kwa chemchemi 12 na mitende 70. Lakini Dofka kulitokea nini? Na Alushi? Biblia haisemi. Watu walifika wamechoka, wakafunga mahema, wakapika, wakalala, kesho yake wakang'oa vigingi. Hata hivyo tunaambiwa Musa aliviandika vituo hivyo vyote kwa agizo la Bwana, vyenye habari na visivyo na habari.

Nimeirudia sura hii kwa sababu ya daftari moja. Vijana wetu wa KAYO, chama cha vijana wa Kianglikana, na kina mama wa Mothers' Union (MU) wanapanga safari ya Agosti kwenda kaskazini: Isiolo, Marsabit, jangwa la Chalbi, hadi Loiyangalani kwenye Ziwa Turkana, kisha kurudi kwa njia ya Laisamis. Ni safari ya ushirika, tutasali na ndugu zetu wa huko. Lakini tusidanganyane, ni safari ya kutazama nchi pia, na mimi sioni dhambi yoyote hapo. Aliyeumba jangwa hakuliumba ili watu walipite wamefunga macho.

Daftari lina kichwa "Mahali pa kusimama". Limeandikwa kwa kalamu mbili, ya bluu ya katibu na nyekundu ya wale waliompinga. Daraja la Ewaso Ng'iro: picha. Mlima Ololokwe: picha ya kundi. Ziwa Paradise: picha, chakula cha mchana. Mitambo ya upepo: picha, na droni ikipatikana. Penye jina Maikona kalamu nyekundu imeuliza, "Hapa kuna nini?" Kalamu ya bluu haikujibu.

Swali hilo limenikaa kichwani wiki nzima, kwa kuwa ni swali la kawaida kabisa kwa mtu wa Kianjokoma, hapa Embu. Sisi tumelelewa na Mlima Kenya. Kutoka hapa kwetu hadi Chuka barabara inashuka bondeni na kupanda tena, na kila bonde lina mto wake: Ena, Thuci, na vijito ambavyo majina yake wanayajua wanaoishi kando yake tu. Mtu akitoka kuchuma chai, magambuti yamejaa matope, anashuka mtoni kunawa na hamwombi yeyote ruhusa. (Najua, najua, miradi yetu ya maji ina kesi zake, na kuna mabomba yanayokatwa usiku. Lakini hizo ni kesi za bomba. Kuhusu mto wenyewe hatujaulizana.) Kwa hiyo tukipanga safari, tunapanga kwa macho. Tunauliza pana nini pa kutazama, na pakikosa kitu tunamwambia dereva akanyage.

Nchi kavu haipangiki hivyo. Huko vituo vilishapangwa na maji kabla ya barabara, kabla ya ramani, kabla ya mkoloni. Laisamis, Maikona, Kalacha, North Horr, Loiyangalani: kila jina kwenye njia yetu lipo pale lilipo kwa sababu ardhini pana kisima au chemchemi. Na penye maji pana mwenyewe. Ndiyo maana mbele ya swali la kalamu nyekundu ningependa tuandike lingine: hapa ni kwa nani?

Sehemu ya kwanza ya njia sitaieleza sana, mnaijua. Kwenye daraja la Nithi hatusimami. Tutapunguza mwendo na kuwaombea wafiwa wa basi lile lililoanguka Julai 2022, ambapo watu zaidi ya 30 walipoteza maisha. Meru tunanunua ndizi. Tukivuka Subuiga na kuanza kuteremka, sweta zitavuliwa moja moja, na tukifika Isiolo hakuna atakayeamini kwamba asubuhi hiyohiyo alitoka kwenye ukungu. Pale dereva atajaza mafuta. Atajaza tena Marsabit, kwa sababu mbele ya Marsabit mafuta mara nyingi huuzwa kwa mitungi, na bei anaipanga mwenye mtungi.

Kutoka Isiolo hadi Marsabit siku hizi ni lami tupu. Vijana wetu hawajui neema hiyo. Mpaka katikati ya miaka ya 2010 sehemu kubwa ya njia ile ilikuwa mawe na rasta za kutikisa meno, na magari yalisubiriana ili yasindikizwe na askari kwa hofu ya majambazi. Abiria wengi walisafiri juu ya malori ya mifugo, wameshikilia vyuma, ng'ombe chini yao. Dereva mmoja wa malori hayo aliwahi kuniambia, "Huko hatuhesabu kilomita, Mchungaji. Tunahesabu masaa na magurudumu." Lami imeishia Marsabit kwa upande wetu tunaokwenda, kwa hiyo maneno yake bado yana kazi: magurudumu mawili ya akiba kwa kila gari, jeki ya kufaa mchanga, na kusafiri mchana peke yake. Kufikia saa moja jioni giza limeingia, na jangwani giza halina taa ya duka la kukuelekeza.

Wazee wa kanisa letu wana sababu nyingine ya kuikumbuka njia hiyo. Ilipoundwa Dayosisi ya Mount Kenya East mwaka 1975, David Gitari akiwa askofu wake wa kwanza, Embu na Marsabit zilikuwa chini ya askofu mmoja. Mkristo wa hapa mlimani na Mgabra mwenye ngamia walikuwa wa dayosisi moja, wakiombewa katika ibada moja. Mwaka 1990 dayosisi iligawanywa, sisi tukawa Embu, na Marsabit ikabaki upande wa Kirinyaga. Tangu hapo tumekuwa tukiwataja ndugu zetu wa kaskazini tunapochanga mahindi na maharagwe wakati wa ukame, halafu tunawasahau mvua ikinyesha. Nadhani hilo linaelezea kwa nini kijana aliyezaliwa baada ya hapo anaweza kuuliza Maikona kuna nini.

Marsabit penyewe patawashangaza. Baada ya masaa ya joto unapanda mlima wenye msitu, na asubuhi kuna ukungu kama nyumbani. Vijana wanalitaka Ziwa Paradise, lile lililo ndani ya kreta, na nawaunga mkono. Ndiyo misitu alimoishi Ahmed, ndovu mwenye pembe zilizokaribia kugusa ardhi, ambaye Rais Jomo Kenyatta alimlinda kwa amri maalumu mpaka akafa mwaka 1974. Lakini nimeongeza kituo kimoja hapo ambacho hakina picha. Tarehe 12 Julai 2005, alfajiri, watu wenye silaha walivamia Turbi, kaskazini ya mlima huo, na shule ya msingi ya pale. Zaidi ya watu 50 waliuawa, wakiwamo wanafunzi wa shule hiyo. Ulikuwa mgogoro wa jamii za wafugaji, na mizizi yake ilikuwa kwenye malisho, maji na siasa za mipaka. Aprili 2006 viongozi walipanda ndege ya jeshi kwenda Marsabit kutafuta amani. Ndege iligonga mlima katika hali mbaya ya hewa, na watu 14 wakafa, wakiwamo wabunge wa eneo hilo na William Waqo, askofu msaidizi wetu wa Kianglikana. Tutasimama, tutataja jina lake, na tutaomba. Si lazima kila mtu alie.

Hapo ndipo Mwanzo 26 inaposomeka vizuri. Watumishi wa Isaka walichimba kisima, wachungaji wa Gerari wakakigombania, kikaitwa Eseki. Wakachimba kingine, kikagombaniwa nacho, kikaitwa Sitna. Cha tatu hakikugombaniwa, kikaitwa Rehobothi. Nimesikia mahubiri mengi juu ya Rehobothi, na hata maduka mawili matatu ya Embu yana jina hilo. Sijaona duka linaloitwa Sitna. Ila mtu wa Marsabit anavijua visima vyote vitatu, na anajua kwamba Isaka alifika cha tatu kwa sababu aliviachia viwili vya kwanza.

Sasa, visima vya Ulanula. Kama kuna kituo kimoja katika daftari lote ambacho ningekipigania, ni hiki. Karibu na mji wa Marsabit, Waborana huteka maji katika visima virefu wakati wa kiangazi. Wanaume hujipanga ndani ya kisima, mmoja juu ya mwingine, kila mmoja na mahali pake pa kukanyaga ukutani. Wa chini kabisa anachota, anampa wa juu yake, naye anampa wa juu yake, mpaka ndoo inafika mwangani na kumwagwa kwenye birika la udongo. Ndoo tupu inashuka kwa mkono mwingine huku iliyojaa ikipanda. Zamani zilikuwa ndoo za ngozi. Siku hizi utaona mitungi ya plastiki iliyokatwa kichwa. Na wanaimba. Wimbo ndio unaopanga mikono: sauti ikipotea, ndoo inamwagika, na aliye chini anaoga. Wanawaimbia ng'ombe wao, wanawasifu, na ng'ombe wanasimama mbali kidogo wakiisubiri zamu yao bila kusukumana. Nilisimama pale juu nikatazama mikono tu, kwa sababu nyuso zilikuwa gizani.

Ile zamu ya ng'ombe haikuja yenyewe. Kisima cha Waborana kina msimamizi, wanamwita aba herega, anayejua ni mifugo ya nani inakunywa leo, ya nani kesho, na nani atangulie. Aliyekichimba na ukoo wake wana neno lao. Baraza la wazee lina neno lake. Mtu mwenye kiu hanyimwi maji ya kunywa. Lakini kundi zima lenye mitungi, lililoshuka garini na kusogelea birika bila salamu, hilo ni jambo lingine kabisa. Kamera nazo ni jambo lingine. Wanaume wanaofanya kazi chini ya kisima mara nyingi wamevua nguo, na kina mama wetu waliponiuliza kama wataruhusiwa kukaribia, nilijibu kwamba tutamtanguliza mwenyeji aulize, sisi tukae garini mpaka jibu lirudi. Katibu aliandika, "Kusubiri: nusu saa?" Nikafuta ile alama ya kuuliza na ile nusu.

Baada ya Marsabit tunaiacha lami ya Moyale, tunaelekea Maikona na Chalbi. Chalbi ni kitanda cha ziwa la kale lililokauka, tambarare jeupe la chumvi lisilo na mti wala jiwe la kuegemea. Mchana utaona maji mbele yako, yanang'aa, yana hata vivuli vya miti, na kadiri unavyoyafuata ndivyo yanavyorudi nyuma. Ni mazigazi. Onyo langu ni juu ya maji ya kweli: mvua ikinyesha mbali kwenye vilima, maji huja kulala pale chini, na uso wa chumvi ukianza kukauka unakuwa kama mkate ulioiva juu tu. Gari linaingia mpaka ekseli. Ndiyo sababu tumechagua Agosti, na ndiyo sababu hatutavuka bila mwenyeji wa kutuonyesha njia. Njia zenyewe ni nyingi, kila dereva ameacha alama zake, na nusu ya alama hizo ziliachwa na watu waliopotea.

Ratiba ya siku hiyo nimeibadilisha. Tunaondoka alfajiri, tunavuka asubuhi, saa sita tuko Kalacha kwenye kivuli. Kalacha ina chemchemi na miti, na kila baada ya muda ngamia wanakuja kunywa, msafara baada ya msafara, na vumbi linaonekana kabla yao. Kijana mmoja alilalamika kwamba tunapoteza mchana mzima tumekaa. Nilimuuliza angependa kuwa wapi saa nane mchana. Alifikiri, akacheka. Hapo Kalacha hatuna programu. Hakuna mahubiri, hakuna semina. Ni Dofka yetu.

Na Maikona? Maikona tutalala kwa watu. Tumewasiliana na waumini wa huko, wamesema karibuni. Nani anajua tutaona nini.

Loiyangalani sina haja ya kuisifu sana. Upepo hautawaacha mlale, lakini asubuhi mtaliona ziwa, kubwa kuliko maziwa yote ya jangwani duniani, lenye urefu wa zaidi ya kilomita 250, na rangi yake inabadilika kadiri jua linavyopanda. Wakazi wa kijiji cha El Molo wamepigwa picha na wageni kwa miaka mingi, wakielezwa vitabuni kama kabila dogo kuliko yote, kana kwamba udogo ndiyo kazi yao. Ningefurahi sana tukinunua samaki wao, tukaketi, tukala, na simu zikabaki mifukoni.

Halafu kuna mitambo ya upepo ya Sarima, ile ya droni. Ni 365, inaweza kutoa megawati 310, na ilizinduliwa rasmi mwaka 2019. Kwa ajili yake barabara ya kilomita 208 kutoka Laisamis ilitengenezwa, nasi tutarudi kwa barabara hiyo hiyo, kwa hiyo nisijifanye sijanufaika. Ni jambo la kustaajabisha kuona vyuma vyeupe vimejipanga katika nchi ya mawe meusi, vikizunguka bila mtu. Lakini ardhi ile ilikuwa ya malisho. Jamii za huko zilikwenda mahakamani, na Oktoba 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Meru, katika mji ule ule tutakaponunua ndizi, iliamua kwamba hati za ekari 150,000 zilipatikana bila kufuata sheria. Sisi tunaowasha taa hapa Kianjokoma tumeungwa kwenye gridi hiyo hiyo. Kama tutasimama pale kupiga picha, na tusimame, nimeomba mwenyeji mmoja atuambie wanyama walikuwa wanapita wapi.

Basi turudi kwenye kitabu cha Hesabu, sura ya 20. Waisraeli walikuwa Kadeshi, wanataka kupita nchi ya Edomu. Musa hakuingia tu. Alituma wajumbe kwa mfalme na ahadi zinazoeleweka: hatutakanyaga mashamba wala mizabibu, hatutakunywa maji ya visima, tutafuata njia kuu tu. Edomu akakataa. Wakaomba tena, wakiahidi kulipa kama wao au mifugo yao wangekunywa maji yake, akakataa tena, na akatoka na jeshi. Kilichofuata ni kitu ambacho wahubiri hatukipendi sana, maana hakina ushindi: Israeli waligeuka, wakazunguka njia ndefu. Na katika Kumbukumbu la Torati sura ya 2 tunaambiwa Mungu mwenyewe aliwaonya wasiwachokoze wana wa Esau, kwa kuwa nchi ile ya vilima vikavu amewapa wao, na kwamba chakula na maji wavinunue kwa fedha. Watu wa agano, wenye nguzo ya wingu juu yao na mana kila asubuhi, waliambiwa walipe maji ya kisima cha mwingine.

Kwa hiyo kamati imeafikiana mambo machache, na nayaandika hapa ili wazazi wanaochangia wajue. Maji ya kunywa ya siku zote za jangwani tutayajaza Marsabit, mitungi ya lita 20, miwili kwa kila watu watatu, na pipa moja la akiba kwa kila gari. Hatuendi kwenye kisima chochote na mitungi mitupu. Barua kwa wenyeji wa kila kituo inatoka wiki hii. Penye jibu la hapana, tunapita, na kijana atakayenuna atanuna garini.

Limebaki jambo moja tu, la mweka hazina. Alitaka kujua malipo ya maji na zawadi za wazee wa visima aziandike wapi katika bajeti: chini ya chakula, chini ya mafuta, au chini ya dharura. Nilimwambia afungue mstari wake peke yake, juu ya mstari wa droni. Mchango ni kama ulivyotangazwa, na mwisho wa kuulipa ni Jumapili ya pili ya Julai.